Jua Nililolitazama kwa Jicho la Kazi

Daktari wa macho ameniambia nisirudi kliniki mpaka mwaka upite. Kwa hiyo Alhamisi zangu sasa ziko huru, na nimeona nizitumie kuandika. Siandiki ili nionewe huruma. Huruma nimeshaonewa ya kutosha hapa Kariakoo, na wengine mpaka leo wananipungia mkono mbele ya pua kupima kama naona. Naona, jamani! Ondoeni mikono yenu. Naandika kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ambaye ana darubini mezani na kile kioo kidogo cheusi mkononi, anajiuliza kinafungwa wapi. Na kwa ajili ya yule aliyekwisha kosea kama mimi, ambaye sasa hivi yuko kwenye benchi la hospitali anasubiri kuitwa jina.

Mimi ni fundi saa, jina langu Kasto, mtu wa Songea. Meza yangu iko chini ya ngazi za ghorofa moja karibu na Msimbazi: meza, kiti, taa, na kabati dogo la kioo lenye mikanda. Kwa miaka ishirini na miwili nimefanya kazi kwa jicho la kulia. Fundi saa anabana lenzi kwenye jicho moja tu, na hilo jicho linakuwa la kazi. Jicho la kazi halipepesi ovyo. Saa ndogo ya kike ina skrubu ambayo ikianguka sakafuni umeipoteza, na springi ambayo ukiigusa vibaya inaruka mpaka kwa muuza viatu wa jirani. Ndiyo maana jambo la kwanza nililofundishwa nilipoanza ufundi ni hili: ukisikia "tik", ganda. Usirudishe kichwa, usipepese, usipumue. Ganda kwanza, uone kitu kimeangukia wapi. Nilizabwa vibao vya kisogo mpaka mwili wenyewe ukajua. Tabia hiyo imenilisha mimi na mke wangu maisha yote, na ndiyo iliyoniunguza jicho.

Darubini ililetwa na Mangi. Ana jina lake, lakini mtaani tunamwita Mangi kama tunavyowaita wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro. Duka lake la vyombo linatazamana na meza yangu. Alikuwa amepokea mzigo wa vitu vilivyotumika kutoka nje, masufuria, blenda, pasi, na katikati ya hayo likatoka boksi refu.

"Fundi, hii skrubu yake haizunguki," alisema. "Wewe si mtu wa vidude vidogo? Hebu niangalizie."

Nilimwambia sijawahi kutengeneza darubini. Akasema hata yeye hajawahi kuuza darubini, kwa hiyo tuko sawa. Grisi ilikuwa imekauka ikawa gundi. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaipaka mafuta ya saa, na siku ya pili ikawa inazunguka laini.

Sasa, Kariakoo kuna utaratibu. Hatukabidhi kitu bila kukijaribu mbele ya mwenyewe, na anayejaribu kwanza ni fundi. Feni itazunguka, redio itaimba, saa itasikilizwa, ndipo mwenye mali aguse. Akishaondoka hatutaki arudi na maneno. Mangi akasema tukaijaribu. Saa nne asubuhi! Mwezi hakuna, nyota hakuna. Lakini ndani ya boksi nilikuta kile kioo cheusi, kikubwa kama kizibo cha soda, kimezungushiwa chuma chenye uzi wa skrubu, na juu yake neno moja la Kiingereza ambalo hata mimi nalijua, la jua. Nikakizungusha kwenye lenzi ile ya kutazamia, upande wa jicho. Kikaingia barabara. Kwa fundi, uzi ukikubali, basi kitu kimefika mahali pake. Sikuwa na swali jingine.

Tukapanda mpaka juu ya paa, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo.

"Fundi, hakuna hatari?" Mangi aliuliza.

"Hatari gani? Shika ujionee." Nikampa kile kioo akielekeze juani kwa mkono. Akatazama, nami nikatazama. Jua lilikuwa kiduara kidogo cha kijani, limepoa kabisa. Tukasema salama. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, kwa sababu mkononi kioo kilikuwa kinapokea jua la kawaida. Ndani ya darubini lenzi kubwa inakusanya jua lote inalolipata na kulimwaga mahali pamoja, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nimekifunga kile kioo.

Kosa la pili nalisema kwa aibu. Juu ya darubini kubwa kuna kidarubini kidogo cha kulengea. Hicho sikukifunika. Nilipokuwa nimeinama kuilenga kwa kutazama kivuli chake ukutani, Mangi akanusa.

"Fundi, shati lako linafuka moshi!"

Begani palikuwa na alama ya kahawia, kama mtu amenizimia sigara. Tulicheka. Tulicheka sana, jamani, watu wazima wawili juu ya paa. Nikakivalisha kile kidogo kitambaa, nikaendelea. Mwenye akili angejiuliza: kama kidogo kimeunguza shati, kikubwa kinafanya nini? Mimi sikujiuliza.

Nikafumba jicho la kushoto, nikaweka la kulia. Sitadanganya, ilikuwa nzuri. Duara kubwa la kijani, limetulia, na vidoa vyeusi viwili karibu na ukingo. Miaka yote nimetazama vitu vidogo, na sasa naona kitu kikubwa kuliko vyote kimeingia kwenye lenzi. Nikamwambia Mangi, "Subiri kidogo, nakuachia sasa hivi." Nikatazama kwa utulivu wa kazi, bila kupepesa. Sijui ni muda gani. Kisha nikasikia "tik".

Nikaganda.

Mtu mwingine yeyote angeruka nyuma. Muuza viatu angeruka, Mangi angeruka. Mimi nilikaa palepale, jicho wazi, nikisubiri kuona kitu kimeangukia wapi, na mwanga mweupe ukaingia wote. Labda pumzi moja, labda nusu. Nilipotoa kichwa, kile kioo kilikuwa na ufa kutoka upande hadi upande, na kilikuwa cha moto mpaka nilipokigusa nilivuta kidole.

"Imekuwaje?" Mangi akauliza, ameshainama kuweka jicho lake.

Nikamsukuma. Nilimsukuma kweli, akaangukia nguo za watu. Ndilo jambo la pekee nililolifanya sawasawa siku hiyo.

Jicho halikuuma. Nataka hili lisikike: halikuuma hata kidogo. Moto unauma kidoleni, na mimi niliamini kisichouma hakijaungua. Palikuwa na doa tu la manjano mbele yangu, kama analoliona mtu aliyepigwa picha kwa mwanga wa kamera. Nikasema litapita. Mchana nikaketi kula, doa lipo. Jioni lilikuwa la kijivu. Nikachukua saa ya ukutani ya mteja, nikafumba jicho la kushoto, nikatazama namba tatu. Tatu haikuwepo. Sita ipo, tisa ipo, kumi na mbili ipo. Nikahamisha jicho nitazame sita, sita ikatoweka na tatu ikarudi. Nikazunguka saa nzima hivyo. Kila namba niliyoitaka ilikimbia.

Siku tatu nilikaa kimya. Fundi saa asiyeona, Kariakoo ana kazi gani? Na mtaa wa pili yupo Mzee Saidi, fundi wa zamani kuliko mimi, ambaye kwa miaka yote tumekuwa tukigombania wateja kwa salamu nzuri. Nilijua neno likitoka, ndani ya wiki saa zote ndogo zitahamia mezani kwake. Saa za kike ndizo kazi yenyewe. Za ukutani kila mtu anaweza. Kwa hiyo wateja nikawaambia njoo kesho, njoo keshokutwa, na nikawa nashika bisibisi kama mtu anayefanya kazi.

Aliyenigundua ni mke wangu. Tunakaa Ilala, vyumba viwili, na yeye anashona sare za shule barazani. Usiku wa tatu tulikuwa tunakula, nikafumba jicho la kushoto nijaribu tena, nikamtazama. Yeye akaacha kijiko.

"Baba Agnes. Umri huu unanikonyeza?"

Angeishia hapo tungecheka. Lakini mimi sikucheka, nikafumba tena. Nikaona kitambaa chake cha kichwa, nikaona hereni, nikaona shingo na kola ya gauni. Katikati hapakuwa na kitu.

"Sioni uso wako," nikamwambia.

Alidhani ni utani. Kisha akaona sio. Nilipomweleza siku ya kwanza ilikuwa lini, akasimama.

"Siku tatu! Siku tatu unalala hapa, unakula hapa, unaniambia mambo ya bei ya nyanya, na jicho limekwenda! Mimi ni nani humu ndani?"

Nikasema sikutaka kumtia wasiwasi. Akasema wasiwasi wa kutiwa na mumewe angeuweza, asichokiweza ni kufanywa mgeni. Alfajiri alikuwa ameshavaa, ameshika mkoba na kadi yangu ya hospitali.

Kliniki ya macho ni mabenchi marefu manne na feni moja inayofanya kazi. Unafika mapema, unasoma herufi ukutani, unarudi benchi. Unaitwa, nesi anakutia matone ya kupanua mboni, unarudi benchi. Matone yakishakolea huwezi kusoma hata simu yako, na mwanga wa mlangoni unakuchoma, kwa hiyo benchi zima mmekaa mmeinamisha vichwa, mkisubiri. Hapo ndipo nilipokutana na Bi Mwanahawa, bibi wa Kizaramo aliyekuja kwa ajili ya mtoto wa jicho. Akaniuliza mtu wa wapi na nina nini. Nikamwambia wa Songea, na nimetazama jua.

"Jua? Hili hili?" Akageuza uso mlangoni. "Wewe mtu wa kusini, mmetoka huko kote hamjaliona, mpaka mje mlitazame Dar?"

Benchi zima likacheka, na mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu usiku ule. Nilimshukuru yule bibi moyoni.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mkavu wa maneno. "Baba, ulikuwa unatazama nini?"

"Saa," nikasema.

"Saa haiunguzi hivi."

Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikasema ukweli wote, darubini, kioo, ufa. Nilipigwa picha ya nyuma ya jicho, na daktari akanionyesha kwenye skrini: tabaka kama za chapati, na katikati kabisa pamekatika, kitundu kidogo.

"Hapa ndipo unaposomea," akasema. "Ndipo unapoitambulia sura ya mtu. Pameungua. Jicho lote lingine ni zima."

"Dawa yake?"

"Haina dawa, baba. Tunasubiri. Linaweza kurudi lenyewe, kwa kiasi. Miezi mitatu, miezi sita. Baada ya hapo lilipofika ndipo litakapokaa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa sindano. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kisu. Kwa neno "tunasubiri" sikuwa nimejiandaa. Akanipa karatasi yenye mistari ya miraba midogo na nukta katikati, niibandike ukutani, kila asubuhi nifumbe jicho zima nitazame nukta, nione mistari imepinda wapi na imekatika wapi. Akanikataza kuweka kitu chochote jichoni. Si asali, si maziwa ya mama anayenyonyesha, si maji ya majani ya chai. Alivitaja vyote kwa majina, na mimi nikainama, kwa sababu maji ya majani ya chai nilikuwa nimeshayaweka mara mbili.

Masika yakaanza na mimi nikiwa mbele ya karatasi. Mvua inapiga bati, nimefumba jicho la kushoto, nukta haipo. Mke wangu anauliza kutoka jikoni, "Leo?" Najibu, "Bado." Kesho yake, "Leo?" "Bado." Wiki ya tano hivi nilimfokea. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, kwamba anafurahia, kwamba sare zake sasa ndizo zinazolisha nyumba na anataka nijue. Aliondoa karatasi ukutani, akaikunja vizuri, akaiweka kabatini, akarudi kwenye cherehani. Siku mbili karatasi ilikaa kabatini. Siku ya tatu niliitoa nikaibandika mwenyewe, na nikamwita. "Mama Agnes, njoo uniulize." Akaja, akafuta mikono, akauliza. Nikasema bado. Akasema haya, njoo unywe chai.

Mezani kwangu niliharibu saa mbili wakati huo. Moja ya kike, ya marehemu mama wa mteja. Nilijidai naiona. Bisibisi ikateleza ikakwaruza mashine, na mimi nikamwambia mwenyewe kwamba ilikuja hivyo. Kati ya yote niliyoyafanya mwaka huo, hilo ndilo linaloniamsha.

Mangi alikuwa na msiba wake, wa kujilaumu. Mke wangu alimkataza kukanyaga barazani kwetu. Lakini kila Alhamisi ya kliniki, hata zile za kusoma herufi tu, alikuwa anasubiri kwenye kona na gari lake dogo la kubebea mzigo, injini inaunguruma. Mara ya kwanza mke wangu alimpita akaenda kwa miguu, na mimi nyuma yake. Mara ya pili mvua ilikuwa kubwa, akapanda bila kumsalimia. Mara ya tatu alimletea chai kwenye chupa, akaiweka kwenye dashibodi, akasema imetiwa tangawizi. Mangi aliishika ile chupa kwa mikono miwili mpaka ikabidi nimkumbushe kuendesha.

Ni Mangi pia aliyetafuta ukweli wa kile kioo. Alikibeba, ufa na vyote, akaenda kumwona mwalimu wa sayansi wa sekondari moja hapa Ilala. Mwalimu alikitazama, akauliza kama kuna mtu ameumia. Kisha akamweleza, na Mangi akaja kunieleza mimi, na sasa nakueleza wewe.

Filta ya jua, yaani kichujio cha mwanga, inakaa mbele, kwenye mdomo wa darubini, kabla jua halijaingia. Inafunika mdomo wote. Hapo inapokea jua lile lile linalokupiga wewe kichwani, haiwi ya moto, haina sababu ya kupasuka. Kile kidogo cha upande wa jicho kinakaa mahali ambapo jua lote limekusanywa, na kinapikwa. Kinaweza kuvumilia mara kumi, na mara ya kumi na moja kikapasuka jicho likiwa hapo hapo. Uzi wake unaingia vizuri kwa sababu waliokitengeneza walikitengeneza kiingie. Hilo lilinichoma, kwamba uzi ulikuwa sawa na bado kitu kilikuwa si sawa. Ukikikuta kwenye boksi, mwalimu alisema, usimpe mtu, kivunje. Filta ya mbele nayo itazame kila mara kwenye taa kabla ya kuifunga, kama ina hata kitobo cha sindano iache, na uifunge imara upepo usiing'oe. Kidarubini cha kulengea kifunike. Na kama huna filta ya mbele, usitazame kabisa. Elekeza jua litoke upande wa pili kwenye karatasi nyeupe, watu watazame karatasi, na wewe usimame hapo ukilinda asije mtu akaweka jicho. Hata hapo usiiache darubini juani muda mrefu, kwa kuwa ndani yake kunaungua vilevile.

Kliniki ya pili ya picha ilikuwa mvua zikiisha, na habari ilikuwa nzuri. Kitundu kilikuwa kimepungua. Doa lililokuwa kama punje ya hindi lilikuwa sasa kama punje ya mtama. Siku hiyo nilitoka pale natembea haraka kuliko Mangi. Kipupwe chote niliishi kwa ile punje ya mtama. Nikajifunza na ujanja: nikitaka kuona kitu kwa jicho lile, nakitazama pembeni yake kidogo. Uso wa mke wangu nauona vizuri sana nikitazama sikio.

"Mbona unanitazama sikio?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndipo ulipo," nikamwambia. Kesho yake akavaa hereni mpya.

Lakini skrubu ya saa haina sikio. Ukitazama pembeni yake, mkono unaenda pembeni yake. Nikajaribu kulifundisha jicho la kushoto. Jicho lenyewe linaona, tatizo mkono haulijui. Miaka ishirini na miwili mkono wa kulia umekuwa ukisikiliza jicho la kulia. Saa za ukutani nikaweza, za kiume kubwa nikaweza kwa taabu. Za kike zilinishinda, na kila iliponishinda nilisema, ngoja kliniki ya tatu.

Kliniki ya tatu ilikuwa vuli ikianza. Picha, benchi, matone, benchi. Bi Mwanahawa hakuwepo, alikuwa ameshafanyiwa upasuaji. Daktari aliziweka picha mbili pamoja, ya miezi mitatu na ya siku hiyo, na hata mimi niliona zinafanana.

"Kilichorudi kimerudi, baba," alisema.

"Saa za kike?" nikauliza. Alikuwa ameshazoea swali langu.

"Mimi naweza kukuambia jicho linaona mstari gani ukutani. Kama unaweza saa za kike, hilo unalijua wewe."

Nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalijua tangu kipupwe. Nje, mke wangu alinishika mkono wa shati, na mimi nililia pale chini ya mti wa maegesho, mchana kweupe, watu wanapita.

Jumatatu yake akaja mama mmoja mwenye duka, mteja wangu wa siku nyingi, na saa yake ndogo ya dhahabu imesimama. Neno "njoo kesho" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Mama, hii siwezi tena. Jicho langu la kulia liliungua. Mpelekee Mzee Saidi, mtaa wa pili, mwambie nimekutuma mimi."

Alinipa pole, akaenda. Sikufa. Nilikaa pale, nikaendelea na saa ya ukutani.

Kabla ya adhuhuri nikamwona Mzee Saidi anakuja, kanzu ameipandisha, amekasirika. Nikasimama. "Shikamoo, Mzee Saidi."

Hakuitikia. Aliweka ile saa ya dhahabu juu ya kioo cha meza yangu, mbele ya watu.

"Nani kakwambia?" akasema. "Nakuuliza Kasto, nani kakwambia? Mpaka unaniletea mteja ili anione?"

"Akuone nini, mzee?"

Akanyoosha mikono. Vidole vyote kumi vilikuwa vinatetemeka.

"Mwaka wa pili huu," alisema kwa sauti ya chini. "Napokea, nampelekea kijana Buguruni kwa siri, yeye anatengeneza, mimi narudisha kama nimetengeneza mimi. Huyo kijana amehamia Mwanza. Na wewe unanitumia saa ya kike! Unanidhihaki?"

Nikamvutia kiti. Nikafumba jicho la kushoto, nikamwambia, "Mzee, hapa ulipo nakuona kofia na kanzu. Uso huna."

Akapitisha mkono wake unaotetemeka mbele ya pua yangu, kupima. Mara hiyo sikukasirika.

Hatukujaribu kuitengeneza ile saa. Watu wakisikia habari hii wanapenda iishe kwa macho yake na mikono yangu kukaa meza moja, lakini saa ya kike haina nafasi ya watu wawili. Tulifunga meza yangu, tukapita kwake akafunga ya kwake, tukaenda wote mpaka dukani kwa yule mama na kumrudishia mali yake mkononi.

"Mama, hatuwezi," Mzee Saidi akasema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akaivaa vilevile ilivyosimama, akatuletea viti na maji ya kunywa. Tukakaa, tukanywa. Tulipotoka pale tulitembea pamoja mpaka karibu na kona ya Msimbazi, pale njia zetu zinapoachana. Hapo Mzee Saidi akasimama, akanigeukia.

"Marahaba," akasema.